Maktaba ya Grafu Juu ya Uwanda wa Makonde

Grafu inayosomwa na watu wengi kuliko zote wilayani Newala haimo katika kitabu chochote cha hisabati. Imekunjwa ndani ya kifuko cha plastiki, na anayeitunza ni mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano. Kadi ya kliniki ina miezi chini na kilo ubavuni, na katikati imepita mikanda ya kijani, kijivu na nyekundu. Siku ya kupima uzito mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, analia, nesi anasoma kilo, anaweka nukta, kisha anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mama hashughuliki na namba. Anatazama kama mstari umeinuka, umelala au umeshuka, na kabla nesi hajafungua mdomo yeye ameshajua kama leo atasifiwa au atakalishwa pembeni aulizwe mtoto anakula nini.

Kadi za namna hii zina asili yake katika kazi ya David Morley, daktari Mwingereza aliyewahudumia watoto wa vijijini magharibi mwa Nigeria kuanzia miaka ya 1950. Morley alitaka mambo mawili: kumbukumbu ya ukuaji wa mtoto isomeke kwa jicho, na kadi ikae kwa mama badala ya kufungiwa kabatini hospitalini. Hilo la pili ndilo lililoifanya kadi isambae dunia nzima.

Mwalimu mmoja wa hisabati, mzaliwa wa Masasi aliyepangiwa kazi Newala, aliyatafakari hayo akiwa kwenye foleni ya kliniki na mwanawe mgongoni. Wanawake waliomzunguka walikuwa wakilinganisha kadi na kubishana ni mwezi gani mtoto wa nani alianza kushuka, na kama ni kwa sababu ya meno au ya homa. Wengi wao wangekuambia bila kusita kwamba hesabu ziliwashinda tangu shule ya msingi. Darasani kwake mambo yalikuwa kinyume. Wanafunzi wa Kidato cha Pili walichora histogramu na grafu za duara kwa usafi wa kupendeza, wakapata alama zao, na hawakuwa na neno la kusema juu ya walichokichora. Mifano waliyoizoea ilihusu magari yaliyopita kwenye barabara fulani, au alama za wanafunzi A, B, C na D wasio na sura wala kijiji. Katika wilaya inayoishi kwa korosho, hapakuwa na grafu hata moja ya korosho.

Hapo ndipo lilipoanzia wazo la kukusanya mifano ya grafu za kwao, mahali pamoja, ili mwalimu wa Newala, wa Masasi au wa kokote aweze kuichukua.

Kilicholiwezesha wazo hilo ni sensa. Kazi ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi zaidi ya laki mbili, na hesabu ilipokwisha serikali ikavigawa kwa walimu. Vifaa vilivyokuwa vimepita nyumba hadi nyumba kuhesabu Watanzania 61,741,120 vikaingia kwenye mikoba ya watu wanaofundisha maana ya wastani. Wengine walivitumia kwa maandalio ya somo, wengine vikaishia mikononi mwa watoto wao kwa ajili ya katuni. Mwalimu huyu na wenzake wachache walifungua folda ya pamoja mtandaoni, na baada ya muda kundi likachanganyika: akaingia karani wa chama cha msingi cha ushirika, akaingia nesi wa zahanati, akaingia na kijana wa steshenari mjini Masasi ambaye hakuwahi kusoma takwimu popote lakini kompyuta anaijua kuwapita wote.

Mwanzoni watu walituma picha. Grafu zilizopigwa picha kutoka magazetini, grafu zilizokatwa kwenye ripoti za wizara, grafu za rangi saba zilizookotwa mitandaoni. Folda ilijaa haraka. Mtu akiifungua alipendezwa, akapitisha kidole, akafunga. Hapakuwa na alichoweza kufanya nayo, kwa sababu grafu iliyokuja peke yake haiwezi kubadilishwa hata mhimili wake. Mwalimu anayetaka kuonyesha mvua ya Masasi hawezi kuichukua picha ya mvua ya India akafuta India.

Suala hilo lilikuwa limeshapata jibu kwingine. Ross Ihaka na Robert Gentleman, wahadhiri wa Auckland huko New Zealand, walianza katika miaka ya 1990 kutengeneza R, programu ya takwimu ambayo mtu yeyote anaipata bure, na toleo lake la 1.0.0 likatoka Februari 29, 2000. Watumiaji wake walipoongezeka, Mfaransa Romain François akaanzisha mkusanyiko wa grafu za R ambamo kila picha iliambatana na amri zilizoizaa. Ukiipenda grafu, unachukua amri, unaweka data yako, unapata grafu yako. Miaka ya baadaye Mfaransa mwingine, Yan Holtz, akajenga mkusanyiko wa aina hiyo hiyo, mkubwa zaidi, na wanafunzi wa takwimu wa Dar es Salaam wanaufungua leo kama wanavyofungua kamusi. Picha mle ni mlango tu. Mzigo wenyewe ni hatua zilizoandikwa chini yake.

Lakini uwanda wa Makonde ulikuwa na mfano wake wa zamani zaidi, na ni nesi aliyeuleta kundini baada ya kuusoma mahali.

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijapoa, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule kutoka Leipzig alizunguka Masasi na Newala akikusanya vitu, sauti na michoro. Aliwapa watu karatasi na penseli, wakamchorea wanyama, ngoma, nyumba na hata njia: mmoja wa wapagazi wake, aliyeitwa Pesa Mbili, alimchorea barabara kuu ya misafara na vituo vyake. Kitabu cha Weule kilitoka 1908, mwaka uliofuata kikatafsiriwa kwa Kiingereza, na leo kinasomwa bure mtandaoni. Kuna ukurasa wenye picha ya kamba ya mafundo. Mume anayesafiri anamwachia mkewe kamba yenye mafundo kumi na moja na kumweleza: fundo la kwanza ni leo ninapoondoka, la tano ndipo ninapofika, la saba naanza kurudi, la kumi upike, la kumi na moja nipo nyumbani. Mke anafungua fundo moja kila siku.

Ukiitazama vizuri, kamba hiyo ni mhimili wa muda usio na namba. Bila maelezo ya yule mume, ni kipande cha kamba chenye vinundu, na katika makumbusho mgeni angeweza kudhani ni cha kufungia kuku. Weule, pamoja na dharau nyingi za zama zake zilizomo katika maandishi yake, alifanya jambo moja sawasawa: aliandika maelezo pembeni ya kitu.

Kanuni ya folda ilizaliwa kwenye mjadala huo, na haijabadilika tangu hapo. Grafu isiyo na jedwali lake haipokelewi. Mchangiaji anaandika swali ambalo grafu inajibu, anaambatanisha jedwali, anaeleza hatua alizopita, na anataja namba zimetoka wapi. Anayetumia R anaweka amri zake. Anayetumia lahajedwali ya kwenye simu anaeleza amebonyeza nini. Na aliyechora kwa mkono kwenye karatasi ya miraba anapiga picha na kuandika kipimo alichotumia. Michango ikapungua mara moja, kwa sababu kutafuta jedwali ni kazi na kutuma picha si kazi. Iliyobaki ilikuwa na manufaa.

Mfano mmoja ulifundisha kuliko yote, nao ni wa mvua.

Mwalimu wa Jiografia wa Masasi alileta grafu ya pau ya mvua kwa mwezi, kuanzia Januari hadi Desemba, kama inavyochorwa katika kila kitabu. Pau zilikuwa ndefu kushoto, zikafa katikati, zikainuka tena kidogo mwisho kabisa kulia. Mwanafunzi akiulizwa alijibu bila wasiwasi kwamba Masasi ina misimu miwili ya mvua, mmoja mwanzoni mwa mwaka na mwingine mwishoni. Kila mkulima wa Mtwara anajua kwamba si kweli. Mvua ni moja, inaanza karibu na Desemba na kuisha Aprili, na kilichoikata vipande viwili ni kalenda. Mwenye jedwali aliuhamisha mhimili uanze Julai na kuishia Juni, basi, kilima kimoja kikasimama katikati ya ukurasa. Namba ni zile zile, hakuna iliyoguswa.

Karani wa ushirika alipoiona hiyo grafu akasema imebaki nusu. Korosho haihesabu mvua kama mahindi. Mkorosho unachanua baada ya mvua kuisha, kuanzia miezi ya Juni na Julai, na wakati huo ndipo ubwiriunga unaposhambulia maua na wakulima wanapopuliza salfa. Korosho zinaanguka kuanzia Septemba hivi, minada inafuata, na msimu unavuka mwaka mpya. Ndiyo maana kila mtu wa Mtwara anasema msimu wa 2017/18, wala hasemi mwaka 2017. Manyunyu ya Julai ambayo mkulima wa mahindi hayajali yanaweza kumharibia mwenye mikorosho. Kwa hiyo chini ya grafu ile ile ya mvua wakaongeza mistari miwili myembamba ya kulala: mmoja unaoonyesha miezi ya maua, mwingine miezi ya kuokota. Hadi sasa hiyo ndiyo grafu iliyonakiliwa kuliko nyingine katika folda. Mwalimu wa Tunduru ameichukua akaweka mpunga, na mtu wa Nachingwea akaweka ufuta.

Hapo ndipo mwalimu wa hisabati alipoanza kuamini kwamba thamani ya mfano inapimwa kwa mtu wa pili. Wa kwanza amechora, sawa. Je, wa pili ameweza kuuchukua, akautia vyake, akagundua jambo ambalo wa kwanza hakuliona? Grafu nyingi nzuri za dunia zinashindwa mtihani huo. Mchoro maarufu wa Charles Joseph Minard wa 1869, unaoonyesha jeshi la Napoleon likiyeyuka njiani kwenda Moscow na kurudi, unasifiwa kila mahali na ni haki yake; lakini mtu wa kijijini Newala ataupeleka wapi? Grafu ya pau ambayo William Playfair aliichapisha London mwaka 1786 imezaa wajukuu mpaka kwenye ubao wa matangazo wa ushirika.

Sensa nayo ilileta somo lake, fupi zaidi. Mtwara ilikuwa na watu 1,270,854 mwaka 2012 na 1,634,947 mwaka 2022. Ukiziweka namba hizo kwenye grafu moja na za taifa, kutoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7, Mtwara inakuwa uzi uliolala sakafuni na hakuna kinachoonekana kukua. Kijana wa steshenari ndiye aliyependekeza kila upande uhesabiwe kuanzia 100 mwaka 2012. Taifa likafika 137, Mtwara 129. Ghafla kukawa na swali la kujadili: kwa nini mkoa umekua polepole kuliko nchi? Wanafunzi walitaja vijana wanaokwenda Dar es Salaam, wakataja pia ukubwa wa familia, na hilo la pili lina ushahidi, kwa kuwa sensa ya 2012 ilikuta kaya ya Mtwara ina wastani wa watu 3.7 wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.7. Jedwali la kaya lilikuwa kwenye folda ya jirani. Darasa likahamia huko lenyewe.

Bei za korosho zilikuwa mtihani wa aina nyingine, kwa sababu hapo watu wana maumivu yao.

Tangu msimu wa 2007/08 korosho ya Mtwara inauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unakusanywa ghalani chini ya chama kikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, TANECU kwa Newala na Tandahimba, kisha wanunuzi wanashindana mnadani. Kila mnada una bei ya juu na bei ya chini. Karani alikuwa na bei hizo kwenye daftari, na grafu ya kwanza aliyotengeneza ilikuwa na mstari mmoja wa wastani. Akaibandika kwenye ubao. Mzee mmoja akaisogelea, akaitazama kwa muda, akauliza, "Karani, hapa mimi niko wapi?" Mzigo wake ulikuwa umeuzwa kwa bei ya chini ya mnada wa tatu, na mstari wa wastani ulipita juu ya kichwa chake. Karani akachora upya, kila mnada ukawa kijiti kinachoanzia bei ya chini kwenda bei ya juu. Mzee akaweka kidole kwenye mguu wa kijiti cha tatu. "Niko hapa," akasema, kisha akaanza kuuliza kwa nini aliye juu yuko juu.

Msimu wa 2018/19 kwenye grafu hizo una sura ya pekee. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za minada ya mwanzo, na Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaingia barabarani. Mbele na nyuma ya hapo vijiti vinapanda na kushuka. Msimu huo umenyooka kama rula. Mwanafunzi asiyejua habari hiyo anaweza kuandika kwamba soko lilikuwa tulivu. Ndiyo sababu folda inadai maelezo mafupi pale ambapo namba haikutoka sokoni. Kuna waliotaka msimu huo uondolewe kwenye mifano kwa kuwa "unaharibu" grafu. Waliobisha walishinda, na nadhani walikuwa sahihi: grafu ya korosho isiyo na 2018 ingekuwa safi na ya uongo.

Walimu wengine walikuwa na hofu ya sheria, na haikuwa hofu ya bure. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilibadilishwa mwaka 2018 kwa namna iliyomzuia mtu kutoa takwimu zinazokinzana na za serikali. Benki ya Dunia ikaeleza wasiwasi wake hadharani, na mwaka 2019 Bunge likavilegeza vifungu hivyo. Watu wa vijijini hawafuatilii marekebisho ya sheria, wanachokumbuka ni kwamba kuna kosa. Folda ikatenganisha mambo: namba za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zinatajwa kuwa zake, na zile ambazo darasa limehesabu lenyewe, kama idadi ya ndoo zilizotekwa kwenye kioski cha maji kwa saa, zinaandikwa wazi kwamba ni hesabu ya darasa, mahali fulani, siku fulani.

Maji yenyewe yalirudisha kundi kwa mtu mwingine wa zamani. Clement Gillman, mhandisi aliyekuja wakati wa Wajerumani kujenga reli na kubaki chini ya Waingereza, alichapisha mwaka 1936 ramani ya wakazi wa Tanganyika. Alionyesha watu walipobanana na walipokosekana, na hoja yake kubwa ilikuwa maji: penye maji ya uhakika pana watu, na sehemu kubwa ya nchi ilikuwa tupu. Newala ni pagumu kwa hoja hiyo. Mchanga wa uwanda unameza mvua yote, juu hakuna mto, na bado watu walijazana huko wakiteremka mabondeni kuteka maji, hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyapandisha kwa pampu katika miaka ya 1950. Gillman aliujua uwanda huo. Mwaka 1945 aliandika makala juu ya kilimo chake cha kupumzisha mashamba. Wanafunzi waliambiwa watengeneze grafu ya nukta: umbali wa kutoka nyumbani hadi maji kwa upande mmoja, idadi ya watu wa nyumbani kwa upande wa pili. Walitarajia mstari. Nukta zilitawanyika ovyo. Mwalimu akaiweka kwenye folda hivyo hivyo, ikiwa na kichwa cha habari kinachosema hakuna uhusiano ulioonekana, kwa sababu mifano ya namna hiyo ni adimu na mwanafunzi anapaswa kuiona angalau moja kabla ya mtihani. Pembeni yake zipo grafu nne za Francis Anscombe za mwaka 1973, zenye wastani ule ule na sura zisizofanana hata kidogo.

Kuna kanuni ndogo ambazo hazikutoka kwa mtaalamu yeyote. Zimetoka steshenari. Grafu ikishatoka mtandaoni Newala, safari yake inaendelea kwa fotokopi, na fotokopi haina rangi. Nyekundu na kijani zinakuwa kijivu kimoja. Kijana wa steshenari alichoka kurudishiwa karatasi, akatangaza kwamba grafu inayotegemea rangi peke yake hataiprinti. Kwa hiyo mistari ikatofautishwa kwa vitone na vikato, na majina yakaandikwa mwishoni mwa mistari yenyewe badala ya kuwekwa kwenye kisanduku pembeni. Kanuni nyingine inahusu WhatsApp: picha ikitumwa kama picha inabanwa, na namba za kwenye mhimili zinakuwa ukungu. Itumwe kama faili. Na lisiwe zito, kwa sababu bando la mwalimu linatoka mfukoni mwake.

Grafu ndefu kuliko zote kwenye folda ni ile ya uzalishaji wa korosho nchini. Inaanzia msimu wa 1973/74, tani 145,000 hivi, kiwango ambacho nchi ilikaa miongo kadhaa bila kukirudia. Kisha unakuja mteremko: watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho mbali, bei mbaya, ubwiriunga, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima haifikishi tani 20,000. Halafu kupanda polepole hadi tani zaidi ya 313,000 msimu wa 2017/18. Wazee wanaisoma kwa kuitaja miaka ya maisha yao, mwaka waliohamishwa, mwaka waliokata mikorosho wakapanda muhogo. Karani mmoja aliinakili kwa mkono kwenye karatasi kubwa, sentimita moja kwa kila tani 20,000, mhimili ukaishia 350,000, na alidhani ameacha nafasi ya kutosha.

Msimu wa 2024/25 ukaleta tani zaidi ya 528,000.

Waliokuwa na jedwali kwenye folda waliongeza mstari mmoja, wakabadilisha mhimili, na kabla ya jioni grafu mpya ilikuwa imeshasambaa. Waliokuwa na picha tu walianza kuuliza kundini nani anaweza kuwatengenezea. Karani wa karatasi kubwa hakuuliza mtu. Alibandika karatasi nyingine juu ya ile ya kwanza na kuipandisha pau mpaka karibu na dari. Mwalimu aliposikia alikwenda na rula, akihofia kipimo cha juu hakitalingana na cha chini. Kutoka kwenye mstari wa 350,000 hadi ncha ya pau alipata sentimita 8.9, sawasawa kabisa. Sasa picha ya ukuta huo imo kwenye folda, upande wa grafu za pau, pamoja na jedwali na maelezo ya karani ya namna ya kuunganisha karatasi mbili bila mhimili kupinda.